Kutoka Mtoni hadi Marhubi: Majumba ya Shamba ya Masultani wa Unguja

Daladala namba 502, inayotoka Darajani kwenda Bububu, haina safari ndefu, lakini inapita kwenye sehemu kubwa ya historia ya Zanzibar. Ukishaipita Kinazini na kuuacha mji nyuma, upande wa kushoto, kwenye bahari, yapo magofu ya Marhubi. Mbele kidogo ni Mtoni. Kisha Kibweni, kisha Beit el Ras, na ukivuka Bububu yenyewe unafika Chuini. Ukikata kulia na kupanda vilima, unafika Kidichi na Kizimbani. Yote hayo yalikuwa makao ya shamba ya masultani wa ukoo wa Al Busaidi. Huko ndiko walikokwenda kuliepuka joto la mji na fitina zake, walikoweka familia zao, na ambako mali iliyolisha ufalme wao ilichipua juu ya mikarafuu.

Wageni hupelekwa Marhubi kwanza kwa kuwa iko karibu na mji. Anayetaka kuielewa pwani hii afanye kinyume: aanzie Mtoni, aende Kidichi, kisha arudi Marhubi. Huo ndio mfuatano wa mambo yalivyotokea, na Marhubi haisemi chochote cha maana kwa mtu ambaye hajaijua Mtoni.

Jumba lililojengwa kwa karafuu

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Miongoni mwa matajiri aliowakuta alikuwapo Saleh bin Haramil, Mwarabu mfanyabiashara anayetajwa kuwa mmoja wa watu wa mwanzo kuleta mikarafuu kisiwani, kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa na mashamba ya Wafaransa. Saleh alikuwa na mashamba mazuri, Mtoni na Kizimbani yakiwamo. Hayakubaki mikononi mwake. Said alimnyang'anya, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba alivunja mkataba wa 1822 uliopiga marufuku kuwauzia Wakristo watumwa. Saleh alikuwa pia mtu mwenye nguvu na wafuasi, na mtawala mgeni hapendi kumkuta mtu wa namna hiyo mlangoni.

Basi Mtoni ikawa ya Said, na hapo, kando ya kijito kinachomwaga maji yake baharini, akajenga kasri lake la kwanza Unguja. Kazi hiyo ilikwenda sambamba na amri yake mashuhuri kwa wenye mashamba: kwa kila mnazi, ipandwe mikarafuu mitatu. Katika muda wa kizazi kimoja, kisiwa kilichokuwa kikiagiza viungo kutoka mbali kikawa ndicho kinachoiuzia dunia karafuu.

Hapa mtembezi asimame kidogo. Karafuu huchumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, shada kwa shada, na mchumaji huwa juu ya mti. Zikishateremshwa huchambuliwa, makonyo yakatengwa, kisha zikaanikwa mikekani na kupinduliwa mpaka zikauke sawasawa. Mvua ikija ghafla, kila kitu kiachwe zikaanuliwe. Kazi hiyo ilitaka watu maelfu kwa wakati mmoja, na katika karne ya 19 watu hao walikuwa watumwa, wengi wao wametekwa bara, karibu na Ziwa Nyasa na kwingineko, wakashushwa pwani na kuvushwa kwa majahazi. Kuta za Mtoni ni za mawe na chokaa, lakini fedha zake zilitoka kwenye mikono hiyo.

Ndani ya ua wa Mtoni

Tunaijua Mtoni kwa karibu kuliko kasri lolote jingine la wakati ule, kwa sababu binti mmoja wa nyumba hiyo aliandika kitabu. Sayyida Salme alizaliwa humo tarehe 30 Agosti 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na mpaka leo mtu anayezunguka magofu ya Mtoni akiwa amezisoma huona vitu ambavyo mwenzake havioni.

Anaona ua mkubwa wa kati ambamo tausi, mbuni, paa, heroe na mabata bukini walizurura wapendavyo, na watoto wakiwakimbiza au kukimbizwa nao. Anaona safu ya vyumba vya kuogea mwishoni mwa ua, chini ya michungwa, ambako watu wa nyumba walikwenda mara kadhaa kwa siku. Salme anakadiria kwamba wakazi wa Mtoni walifika kiasi cha 1,000, ukiwahesabu wote: masuria, watoto, watumishi, matowashi, watumwa.

Na anamwona Said mwenyewe. Mbele ya kasri, upande wa bahari, palikuwa na jukwaa kubwa la duara la mbao, lililoezekwa na kupambwa, ambalo Salme analiita benjile. Palikuwa na viti, meza na darubini kubwa ya kutazamia vyombo vinavyoingia. Hapo sultani alikuwa akinywa kahawa na wakubwa wa familia. Saa nyingine alikuwa peke yake, akitembea huku na huku, kichwa ameinamisha, akichechemea kidogo kwa risasi iliyompata pajani vitani. Mtu aliyeitawala Maskati na Unguja, na ambaye manowari zake zilitia nanga mbele ya nyumba yake, mwanawe alimkumbuka kwa mwendo wake wa kuchechemea.

Said hakukaa Mtoni siku zote. Alikuwa akigawa wiki yake, siku kadhaa Mtoni na nyingine Beit el Sahel mjini, palipokuwa na kazi za serikali. Alijenga pia hamamu ya Kidichi mnamo 1850, juu ya kilima kati ya mashamba ya karafuu, kwa ajili ya mkewe Shehrzad, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi. Hamamu hiyo ingali imesimama. Ukiingia, jicho likishazoea kiza, unaona maua na ndege waliochongwa kwenye lipu ya chokaa kwa ufundi wa Kiajemi, na mwanga ukishuka kupitia matundu ya kuba. Wanawake wengine wa Mtoni waliishi kwa mila za Oman. Shehrzad alipanda farasi na kwenda kuwinda. Ndoa hiyo haikudumu. Hamamu ndiyo iliyobaki.

Beit el Ras, iliyoanza kujengwa 1847, ilikusudiwa kupunguza msongamano wa watoto Mtoni. Said hakuiona ikikamilika. Alifia baharini, karibu na Shelisheli, Oktoba 1856, akiwa njiani kutoka Oman, na mwanawe Barghash alikuwamo merikebuni.

Ndugu wanagombana

Said alipofariki, ufalme uligawanyika: Thuwaini Oman, Majid Zanzibar. Barghash, aliyekuwa mdogo, hakuridhika. Mwaka 1859 alipanga kumpindua Majid, na baadhi ya dada zake wakawa upande wake. Salme, akiwa na umri wa miaka 15, ndiye aliyekuwa karani wa njama hiyo. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Qur'ani lakini si kuandika. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo wa kificho ukaja kutumika kuandika barua za uasi.

Wafuasi wa Barghash walijikusanya kwenye jumba la shamba lililoitwa Marseille, huko Machui, wakalitia ngome. Majid alikwenda na askari wake, Waingereza wakamsaidia, na uasi ukavunjika. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Kwa hiyo majumba haya ya shamba hayakuwa ya kupunga upepo tu. Yalikuwa na kuta nene, visima, ghala na watu wengi wasiotawanyika. Palipokuwa na kasri la shamba palikuwa na kituo cha vita pia.

Salme naye akapita njia yake. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri ndani ya manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Walioana Aden, yeye akabatizwa Emily, wakahamia Hamburg. Mumewe alifariki 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo. Mwaka huohuo Majid alifariki, na Barghash, yule mwasi wa Machui, akakalia kiti.

Sultani anakwenda Uingereza

Barghash aliirithi nchi yenye shida. Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuvunja merikebu bandarini. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Waingereza walimlazimisha atie saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga soko la watumwa la mjini. Katika muda wa mwaka mmoja na kidogo, nguzo mbili za utajiri wa baba yake ziliyumba.

Mwaka 1875 Waingereza wakamwalika kwao, nusu heshima, nusu malipo ya saini ile. Alifuatana na John Kirk, balozi wao Unguja. Alipokewa na Malkia Victoria Windsor, akapelekwa Brighton, Birmingham, Liverpool na Manchester, akaonyeshwa viwanda na bandari, kisha akapita Paris kabla ya kurejea. Safari yake iliandikiwa kitabu cha Kiarabu. Salme alikwenda London akitumaini kuonana na kaka yake baada ya miaka yote ile. Wakubwa wa Kiingereza walimzuia, wakimwahidi msaada kwa ajili ya watoto wake, na ndugu hao hawakuonana.

Huko Barghash aliona jambo ambalo kwao halikuwapo kwa sura ile. Wakubwa wa Uingereza walikuwa na majumba mashambani, na kila jumba lilizungukwa na eneo kubwa la nyasi na miti mikubwa, kulungu wakilisha humo, njia ndefu zikipita kati ya miti iliyopandwa kwa mstari, na ukuta mrefu ukiwatenga na barabara. Windsor kwenyewe ndivyo kulivyokuwa. Miti ile haikupandwa kwa matunda wala mbao. Ilipandwa ili anayetazama kutoka dirishani aone nchi nzuri na ajue ni ya nani.

Ziara hiyo hutajwa kuwa ndiyo asili ya ukuta na bustani ya Marhubi. Kasri lilijengwa kati ya 1880 na 1882, kwenye ardhi ya pwani iliyokuwa ya Mwarabu wa ukoo wa Al Marhubi. Barghash alizungushia shamba ukuta wa mawe na kupanda miembe zaidi ya 100. Tofauti na miti ya Windsor, hii ilikuwa ya kuliwa. Mtu wa Unguja hapandi mti mkubwa namna ile kwa kivuli pekee, na sultani hakuwa mgeni wa nchi yake. Ukuta nao ulipata kazi nyingine. Kule ulizuia watu wa nje wasiingie. Marhubi ulizuia pia watu wa ndani wasitoke, kwa sababu nyumba ile ilikuwa ya masuria wake.

Jinsi Marhubi ilivyojengwa

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe chini na mbao juu. Nguzo nene za mawe ya matumbawe na chokaa zilibeba roshani kubwa ya mbao iliyotazama bahari. Maji yalitoka kwenye chemchemi, yakaja kwa mfereji wa juu uliojengwa kwa matao, yakajaza mabirika makubwa, na kutoka hapo yakagawiwa kwenye hamamu na bustani. Barghash alikuwa na shauku ya maji, pengine tangu uhamishoni Bombay. Ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi iliyo nje ya mji, na wakati mafundi wake wakimaliza Marhubi, wengine walikuwa wakiinua kasri la Beit al Ajaib forodhani, lililokamilika 1883.

Watembezaji hupenda kuwaambia wageni kwamba humo aliishi mke mmoja na masuria 99. Wageni hucheka, hupiga picha, huondoka. Hesabu hiyo imenyooka mno kuwa hesabu ya watu, na ubaya wake ni kwamba inawageuza wanawake wale kuwa kichekesho. Masuria walikuwa watumwa. Wengine walitoka Uhabeshi, wengine nchi za Wacherkesi, wengine bara letu hili hili la Afrika ya Mashariki. Suria aliyezaa alipata heshima yake, na mwanawe alikuwa huru, tena aliweza kuwa sultani; Barghash mwenyewe alikuwa mtoto wa suria, na Majid vilevile. Lakini hakuna aliyeingia kwa hiari. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, masuria hawakuguswa. Wao walingojea mpaka 1909.

Miaka kumi na saba

Raha ya Marhubi ilikuwa fupi. Mwishoni mwa 1884 Karl Peters alipita bara akikusanya mikataba na machifu, na Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wa Zanzibar, mizinga ikielekea kasri. Salme alikuwa amekuja na kundi la merikebu hizo, mjane wa Kijerumani sasa, akidai urithi wake. Alikwenda Mtoni, nyumba aliyozaliwa, akaikuta gofu: ngazi zimevunjika, dari zimeanguka, majani yameota vyumbani. Hapakuwa na vita wala moto. Nyumba iliachwa tu, na katika mvua za Unguja dari ya boriti na chokaa isiyotunzwa haichukui muda. Barghash alikataa kuonana naye.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara, wakimwachia sultani visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Barghash alifariki Machi 1888. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1899 moto uliwaka Marhubi. Roshani na ghorofa ya mbao zikateketea, zikabaki nguzo, hamamu na mabirika. Baadaye marumaru ya hamamu yakaibwa. Tangu kukamilika hadi kuungua, kasri lilikuwa limeishi miaka 17.

Majumba mengine nayo yakapata yao. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilimaliza reli ya maili saba kutoka mjini hadi Bububu, ikipita ufukweni huku, na mawe ya Beit el Ras yakatumika kwenye ujenzi wake. Reli yenyewe nayo haikudumu. Palipokuwa Beit el Ras pakaja chuo cha ualimu. Chuini iliungua 1914. Kibweni, lililojengwa 1915 na Sultani Khalifa bin Harub, ndilo lililosalimika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa ikulu. Ubavuni mwa Mtoni yakajengwa matangi ya mafuta.

Mtembezi wa leo

Mwenye kwenda Marhubi leo ataona nguzo kwanza. Zimesimama safu kwa safu, hazibebi kitu, na plasta ikibanduka unaona jinsi mafundi walivyopanga matumbawe ndani yake, vipande vidogo vikijaza nafasi kati ya vikubwa. Aingie hamamu. Kuna chumba cha sultani chenye matao, na kwenye kuta kuna vishubaka vidogo vya kuwekea taa za mafuta. Nyuma yake ni vyumba vidogo vya wanawake. Aende kwenye birika, ambalo sasa limeota mayungiyungi. Afuate mfereji mpaka unapoishia. Kisha ateremke ufukweni, ambako wavuvi huvuta ngalawa na mashua zao pale pale ambapo mashua za sultani zilikuwa zikitia nanga.

Halafu atazame miembe. Si yote iliyobaki, lakini ipo, mikubwa, na msimu ukifika watoto wa mitaa ya jirani hawana haja ya kuambiwa.

Magofu haya yako chini ya ulinzi wa serikali kama mambo ya kale, lakini ulinzi wa maandishi haung'oi mzizi wa mti ulioota ndani ya tao, wala haupaki chokaa. Matumbawe na chokaa hudumu yakipakwa kila baada ya misimu, na huoza yakiachwa wazi kwa mvua; Mtoni ndiyo ushahidi. Mafundi wa kuchoma chokaa na kupaka kwa njia ya zamani bado wapo Unguja, wengi wamefanya kazi Mji Mkongwe. Wapewe kazi Marhubi, Mtoni na Kidichi pia, wakiwa bado wanayo nguvu ya kuwafundisha vijana.

Na walimu wa historia wa Unguja wasingoje safari ya Bagamoyo au Kilwa. Nauli ya daladala 502 inatosha. Wawapeleke wanafunzi Mtoni, Kidichi na Marhubi kwa mfuatano huo, wawaeleze nani aliyeishi humo, nani aliyelipia na nani aliyebeba mawe. Historia ya wafalme bila ya wachumaji karafuu na masuria ni nusu ya historia, na nusu iliyobaki imo ndani ya kuta zile zile.